Neno Ulilosema ni Langu

Baba,

Kwa Kiingereza siwezi. Nilijaribu. Nilikaa kwenye maktaba ya shule na karatasi nzuri, nikaandika "Dear Father", nikayatazama yale maneno mawili mpaka kengele ikalia, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Kiingereza kilikuwa chetu, mimi na wewe. Sasa nikikigusa nahisi kama nimeingia chumbani kwangu nikakuta mtu amelalia mto wangu. Lusamia nacho ni cha Mama na jikoni. Nikikulaumu kwa Lusamia itasikika kama natukana. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili, hiki ulichotuletea kutoka upande wa pili wa mpaka, ukitusahihisha mezani mimi na mdogo wangu Egesa kila tuliposema "sisi hapana taka" kama watu wa sokoni. Ulikuwa unasema, "Hatutaki. Mmoja akikataa, anasema sitaki."

Haya, Baba. Sitaki.

Lakini habari za nyumbani kwanza, maana adabu ulinifundisha. Mahindi tumevuna. Hayakuwa mabaya. Egesa ndiye anayeendesha baiskeli yako sasa, na amengʼoa kengele kwa sababu anasema ni ya wazee. Anapiga mluzi badala yake. Akademi uliyokuwa unafundisha imepata mwalimu mwingine wa Kiingereza, nasikia ni kijana na watoto wanampenda. Shati lako la bluu bado liko kwenye kamba ya chumbani. Mama halifui wala halitoi. Mimi niko Sinia ya tatu ya sekondari, bado nakaa dirishani, bado nafunika mdomo kwa mkono nikijibu swali. Nywele zimerudi. Nitakuambia habari za nywele, lakini lazima nianze na lile neno.

Wiki nzima ulikaa Busia, upande wa Kenya, karibu na kazi, na sisi tukabaki Lunyo, upande wa Uganda, na shamba. Ijumaa jioni ulifika na vitu viwili: mkate, na kitenzi cha Kiingereza. Nomino hukuzileta. Ulisema nomino hata mtoto mchanga anaonyesha kwa kidole. Na hukutafsiri hata mara moja. "Neno halielezwi, Ajambo. Linaonyeshwa." Kwa "stagger" ulipepesuka uani kama mlevi hadi kuku wakaingia kwa jirani. Kwa "grope" ulifumba macho ukatafuta chumvi jikoni, ukaangusha kifuniko cha sufuria, na Mama akasema huyu mwalimu wenu atanimalizia vyombo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Sikuwa mtoto wa kucheza na wengine. Wiki nzima nilingoja Ijumaa.

Lile neno ulinipa Mella, kwa Bibi. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikwenda kumsalimu mama yake Mama, mvua ikanyesha ikaisha, na nyuma ya zizi lake kulikuwa na kile kichuguu kikubwa chekundu. Vitoto vya mbuzi vilikuwa vinapanda juu yake vinajirusha, miguu yote minne hewani, vinajipinda, vinaanguka, vinarudi mbio kupanda tena. Ulinishika bega. "Umeona? Basi panda." Mimi niliangalia kwanza kama Bibi anatutazama. Nilikuwa nimevaa buti zake za mpira, kubwa mno. Nikapanda, nikajirusha, na buti moja ikanitoka ikaruka peke yake mpaka kwenye maharagwe. Ulicheka ukashikilia mti wa zizi.

Halafu ukafanya jambo ambalo nimelitazama kichwani mara nyingi kuliko picha yako. Uliweka mwavuli chini. Ukaweka mkoba juu ya mwavuli, simu juu ya mkoba, saa juu ya simu. Ukavua viatu, ukakunja suruali ya kazi. Ukaniambia, "Usinicheke, utaliharibu." Ukapanda kichuguu, mwalimu mzima mwenye tai, ukajirusha katikati ya vitoto vya mbuzi.

Ulipoinuka, matope hadi magotini, ndipo ukanipa jina lake. "To frolic." Ulilitamka polepole, kama mtu anayefungua peremende.

Tukakaa kwenye gogo ukanifundisha matumizi. Kitoto cha mbuzi kikimkimbilia mama yake kunyonya, hata kikiruka vipi, hiyo si frolic, kimetumwa na njaa. Askari akiruka kwenye gwaride, si frolic, ameamriwa. Mtu mzima anaweza, lakini mara moja moja, na sharti watoto wasimcheke. Na aliyebeba kitu hawezi. Awe amebeba mtungi, jembe, mtoto, hata sahani tupu. Lazima atue kwanza. Mwili ukiwa na mzigo unaweza kuruka, ulisema, lakini hiyo ni kuruka tu, itafutie neno lingine.

Nilikuuliza Kiswahili chake ni nini. Ukasema Kiswahili kina kurukaruka, kina kuchachawa, na vyote ni vizuri, lakini hili ulilipenda jinsi lilivyo. Ukanivalisha buti yangu. "Hili nimekuhifadhia wewe. Sijampa mtu."

Nilikuamini. Nilikuwa naamini kila ulichosema Ijumaa.

Kuna jambo sikukuambia. Nilipoingia Sinia ya kwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza alituandikia sentensi ubaoni tuseme ipi sahihi na ipi si sahihi. Moja ilikuwa "The children frolicked home with their bags on their backs." Mimi nikaandika si sahihi. Madamu akaniuliza kwa nini, nikajibu nikiwa nimefunika mdomo kwamba wamebeba mikoba. Darasa likacheka. Akasema, "Hiyo kamusi yako, Ajambo, ilichapishwa wapi?" Akanikosesha.

Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi, kisha ile kubwa yenye jalada lililotoka. Zote zilisema karibu jambo moja: kucheza kwa uchangamfu huku ukirukaruka huku na huku. Zilitaja wanakondoo, watoto, hata mawimbi. Nikatafuta na kwenye magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa kamba, nikakuta mwandishi mmoja amelitumia kwa watu wazima waliokuwa ufukweni, na ungeweza kusikia amekunja uso. Mizigo haikutajwa popote. Wala watoto wasiocheka. Ndipo nikajua kwamba hizo kanuni ulizitunga wewe, pale kwenye gogo.

Sikukasirika, Baba. Niliona kuna Kiingereza cha dunia, na kuna Kiingereza cha baba yangu, na hicho cha pili nakijua mimi peke yangu. Alama moja niliyopoteza niliiona kama kiingilio. Ningepoteza nyingine kumi.

Halafu ukaanguka darasani, chaki mkononi. Wakasema ni presha. Ulivuka mpaka mara ya mwisho ndani ya gari la akademi, na karatasi zako zikagongwa mihuri pande zote mbili kama mzigo mwingine wowote. Pamoja na walimu wenzako alishuka mwanamke mwenye leso ya kijani, na msichana wa miaka kama saba aliyevaa sare ya shule. Mama alidhani yule mwanamke naye ni mwalimu. Alimpa kiti. Alimpa chai, akamshukuru kwa kupata shida ya safari. Mwanamke yule akainywa ile chai. Alikuwa ananuka dagaa, kwa sababu anauza dagaa sokoni upande wa Kenya. Kila Ijumaa mashati yako yalinuka dagaa, lakini Lunyo na ziwa ni pua na mdomo. Nani huku atamuuliza mtu kwa nini ananuka dagaa?

Kufikia jioni wanawake walikuwa wamenongʼonezana vya kutosha. Mama aliinuka, akachukua kikombe alichonywea yule mgeni, akakiosha. Akakiosha tena. Alikuwa bado anakiosha walipokuja kumwambia padri amefika.

Mimi nilikutetea. Nataka ulijue hilo. Egesa alipoulizwa na watoto wa jirani kuhusu nyumba ya pili ya baba yake, akaja kwangu analia, nilimwambia watu wanasema tu, msiba unaleta midomo. Nilimwambia Baba alikuwa anabaki Busia kusahihisha mitihani. Nilisema kwa sauti, bila kufunika mdomo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugombana na watu, na niligombana kwa ajili yako, na nilikuwa mwongo bila kujua.

Siku iliyofuata mazishi ilinyesha, mvua fupi, ikaacha jua. Ulibaki mchanga wa kujengea kaburi lako, rundo kubwa, na watoto wa ukoo wakaanza kupanda na kujirusha kutoka juu. Hakuna aliyewakataza, watu wazima walikuwa wamechoka. Mimi nilikuwa naosha sahani karibu na mfenesi, na yule msichana wa sare alikuwa amesimama upande wa pili wa shina, peke yake. Hakujua nipo. Akasema polepole, kama mtu anayesoma kibao:

"They are frolicking."

Mikono yangu ikasimama majini. Nikajiambia, amefundishwa shuleni. Kiingereza ni cha kila mtu. Nikaendelea kuosha.

Kisha mtoto wa shangazi mmoja akaja anarukaruka na sahani ya posho mkononi, ugali unaning'inia ukingoni. Yule msichana akamtazama kama mkaguzi wa elimu, akatikisa kichwa.

"Huyo bado. Amebeba."

Baba, nilikuwa nimekataa macho ya wanawake, nimekataa leso ya kijani na harufu ya dagaa. Hilo sikuweza kulikataa. Mtu mwingine asingeweza kumpa. Halimo kwenye kamusi. Nilikwishatafuta.

Nilimuuliza nani amemwambia hivyo. Akashtuka, akaangalia mikono yangu yenye povu. "Baba," akasema. Hakusema baba yangu. Alisema Baba, vile ninavyosema mimi. Na kwa kuwa aliona sikumfukuza, akanieleza yote, haraka haraka, kama mtoto ambaye hajaongeleshwa siku nzima. Kwamba jina lake Nafula. Kwamba wewe unaleta kitenzi Jumatatu. Jumatatu, Baba. Kwamba neno lazima lionyeshwe, lakini kwao Busia hakuna mbuzi, kuna malori tu, basi ulimsimulia habari za dada mmoja wa Mella aliyeruka na mbuzi kutoka kwenye kichuguu mpaka buti ikamtoka ikaangukia maharagwe.

"Baba alisema yule dada aliruka vizuri kuliko mbuzi," akasema. Halafu akaniuliza, "Wewe unamjua?"

Nikamwambia sahani hazijaisha.

Nimefikiri sana kitu gani hasa kiliniuma. Kuwa na nyumba nyingine, wanaume wengi wa mpakani wanazo, nasikia watu wakilitania jambo hilo kwenye boda boda kama wanatania hali ya hewa. Labda ningelia nikanyamaza. Lakini ulichukua siku yangu. Ulichukua buti yangu na maharagwe ya Bibi, ukaenda nayo upande wa pili, ukamfundishia mtoto mwingine, na hukumwambia kwamba yule dada ana jina, na kwamba ni dada yake kweli. Ulinigeuza sentensi ya mfano. Wale watu wa kwenye sentensi za mfano, ulituambia wewe mwenyewe, hawana kwao.

Sasa habari za nywele.

Unajua mila yetu, lakini hukuwepo, kwa hiyo nakusimulia. Asubuhi ya kunyoa, Senge Taaka, dada yako, alikaa kwenye mkeka na beseni la maji na wembe mpya, sisi watoto wako tukapangwa mbele yake. Mtoto wa marehemu ananyolewa na shangazi siku hiyo, mbele ya ukoo, na nywele za watoto wote zinaanza kuota pamoja. Asiyenyolewa si mtoto. Hata akija baadaye na machozi ataambiwa, siku ile wembe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa wa kwanza, Egesa nyuma yangu. Nyuma ya Egesa akaja Nafula. Mama yake alimsukuma kidogo mgongoni, kisha yeye akarudi kusimama kule mbali kwenye njia, leso mdomoni.

Baba Mkubwa Ouma akainua fimbo yake akaiweka kama kizuizi cha barabarani.

"Huyu hapana," akasema. "Sisi hatunyoi mtoto wa barabara. Nani alitambulishwa? Nani alikuja hapa na kuku kumtambulisha? Nani hapa anamjua?"

Watu wakatazama chini. Mama alikuwa amekaa na wanawake mlangoni. Hakutazama chini. Alinitazama mimi, na nilielewa anachoomba. Hakuomba jambo kubwa. Aliomba ninyamaze tu, jambo ambalo nalifanya kila siku bila kuombwa. Baada ya kile kikombe cha chai, ilikuwa haki yake. Na Nafula alikuwa amesimama pale na sare yake, ameshika ncha ya shati la Egesa, maana hakujua pa kushika.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje. Nilimwambia Baba Mkubwa kwamba mimi najua ni mtoto wako. Akauliza nilimwona wapi akizaliwa. Nikamwambia sikumwona, lakini aulizwe maswali. Watu wakaguna. Nikamgeukia Nafula, nikamuuliza mbele ya wote: kitoto cha mbuzi kinamkimbilia mama yake kunyonya, je, hiyo ni frolic?

"Hapana," akasema. "Kimetumwa na njaa."

Na aliyebeba mtungi?

"Hapana. Atue kwanza."

Na mtu mzima?

Akafikiri. "Mtu mzima anaweza. Lakini mara moja moja. Na watoto wasimcheke."

Senge Taaka alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. Aliweka wembe chini akajifuta macho kwa kanga. Baba Mkubwa hakufurahi.

"Kiingereza si damu," akasema. "Kila mtoto wa Kenya anajua Kiingereza."

"Hicho si Kiingereza, Baba Mkubwa," nikasema. "Nimetafuta kwenye kamusi, hakimo. Hicho ni cha Baba. Tulikuwa tunakijua mimi na yeye tu."

Senge akamwambia kaka yake, bila kumtazama, "Ouma, toa hiyo fimbo. Maji yanapoa." Akanishika kichwa akaanza. Kisha Egesa. Kisha Nafula, aliyefumba macho akauma midomo na hakulia. Nywele zetu zikaanguka kwenye mkeka mmoja, na Senge akazikusanya pamoja.

Jioni nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Akasema neno moja tu: "Leo nyinyi watoto mmenyolewa kwa maji. Mimi umeninyoa bila maji." Hakuniongelesha tena kwa muda mrefu. Alinipakulia, alinifulia, alinipa ada ya shule mkononi bila kugusa vidole vyangu.

Hilo nalo naliweka mlangoni kwako. Ulimsaliti Mama, ukaniachia mimi nimalizie. Ulikufa ukaniachia mambo mawili ya kuchagua, kusema kweli au kuwa mtoto wa mama yangu, na hakuna hata Ijumaa moja uliyonifundisha kitenzi cha kufanya yote mawili. Nimeyarudia maneno yako, "Sijampa mtu." Mimi ni mtu wa kupima maneno, kama wewe. Nafula alikuwa mdogo wakati ule, ndiyo kwanza anatembea. Labda siku ile ilikuwa kweli, hukuwa umempa. Nimekupa nafasi hiyo. Lakini hukusema "bado". Neno dogo hivyo, na ulikuwa mwalimu.

Na kuna hili jingine, ambalo lilinijia darasani nikaomba ruhusa nikaenda nje. Siku ile Mella ulitua mwavuli, mkoba, simu na saa. Nilidhani umetua vyote. Kumbe kule Busia kulikuwa na mtoto anayejifunza kutembea, na ulikuwa umembeba, na mama yake, na uongo wa mitihani, vyote mgongoni, ukapanda navyo kichuguu. Kwa kanuni yako mwenyewe, Baba, uliruka tu. Itafutie neno lingine.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini kuna mambo yametokea.

Mama ameanza kuongea. Si kwa ghafla. Siku moja tulipokuwa tunapukuchua mahindi alisema, bila kuinua macho, "Yule wako amenyolewa kichwa na baridi hii, ana kofia?" Yule wako. Hamtaji jina. Baada ya hapo ikawa yule wako anasoma wapi, yule wako mpelekee karanga hizi zisioze. Mama yake Nafula hamtaji kabisa, na dagaa hatuli tena nyumbani kwetu, ingawa Egesa anasononeka. Likizo hii nilipomwambia nakwenda Mella, Mama akafunga mzigo wa Bibi, kisha akasema, "Nenda na yule wako. Bibi yako ameuliza kuhusu masikio."

Nilivuka mpaka kwa miguu kwenda kumchukua. Mama yake alimleta mpaka karibu na geti la mpakani, akaniamkia kama mimi ndiye mkubwa, nikaona aibu. Nywele za Nafula zimefika pale zangu zilipofika. Nilipima kwa kidole njiani, akacheka, akapima zangu.

Bibi alimtazama mlangoni kwa muda. "Huyu ndiye? Kweli, ana masikio ya yule mwizi." Yule mwizi ni wewe, Baba, hilo ndilo jina lako Mella sasa. Kisha akampa kiazi kitamu kikubwa kuliko changu.

Jioni mvua ilinyesha, ikakatika. Nafula alikwishakiona kichuguu tangu tulipoingia, lakini hakusema kitu. Ana adabu, ulimlea vizuri, nalisema ingawa linaniuma. Mbuzi wakatolewa. Akaniuliza, "Yule dada aliruka kutoka hapa?"

"Hapa hapa."

"Na buti iliangukia wapi?"

Nikamwonyesha. Safari hii Bibi amepanda mihogo pale. Nafula alipatazama sana. Kisha akavua mkoba wake mgongoni, akanipa. "Nishikie." Akavua viatu, akanipa. Akavua hata ile bangili ya plastiki, akaiweka kiganjani mwangu. Akapanda, akageuka kuangalia kama nacheka. Sikucheka. Akajirusha, Baba, mikono hewani, na kitoto cha mbuzi kikajirusha nyuma yake kana kwamba amekiita kwa jina. Aliruka vizuri kuliko mbuzi.

Alirudi akihema, matope mpaka kwenye sare. "Na wewe?"

Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wake, viatu vyake, bangili yake, mkoba wangu mwenyewe, na wewe.

"Mimi bado," nikasema. "Nimebeba."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayeijua kanuni. Akarudi kichuguuni.

Hajajua yule dada ni nani. Au anajua na ananingoja. Ana utulivu wako. Sijakusamehe, na sitaandika hapa kwamba nimekusamehe kwa sababu barua zinapaswa kuisha vizuri. Lala, Baba. Lala na siri zako, zile ambazo hatujazifikia. Lakini nakuahidi hili moja. Siku nitakapoweza kukutua, hata kama ni nikiwa mtu mzima mwenye tai, nitampeleka Nafula Mella baada ya mvua. Nitaweka kila kitu chini, kimoja juu ya kingine, mbele ya macho yake. Nitavaa buti za Bibi, zile kubwa. Na akiniuliza tena kama ninamjua yule dada, sitamweleza.

Nitamwonyesha.

Mtoto wako,
Ajambo